Seti ya K-FRUC kwenye maziwa ya kopo ya watoto: inachopima na inachokiacha

Maabara nyingi za chakula Afrika Mashariki zina spektrofotomita, beseni la maji moto na sentrifuji. Zenye kromatografia ya ioni na kitambuzi cha amperometri ni za kuhesabu. Ndiyo maana anayetaka kujua kama kopo la maziwa ya mtoto lina fruktani (minyororo ya sukari ya fruktosi, kama inulini) kiasi kilichoandikwa kwenye lebo mara nyingi huishia kuagiza K-FRUC, seti ya vitendanishi ya Megazyme wa Bray, Ireland (kampuni ambayo Neogen waliinunua mwaka 2020). Seti hii inafuata mbinu ya AOAC 999.03 (AOAC ni shirika la kimataifa la mbinu za upimaji), na kwenye unga wa nafaka, vitunguu na mizizi ya chikori ina heshima yake. Maziwa ya kopo ni kazi nyingine kabisa.

Kwa mwenye haraka, hukumu ni hii. Kama maziwa yametiwa inulini yenye minyororo mirefu, au fruktani fupi zilizotengenezwa kutokana na sukrosi, nunua seti, ihakiki, na itakutumikia vizuri. Kama yametiwa oligofruktosi iliyopatikana kwa kuikata inulini vipande vipande, usiitoe hata kwenye boksi. Itakupa jibu dogo kuliko ukweli, na litajirudia vizuri kila siku hadi ulisadiki. Vyote vilivyobaki hapa chini ni ufafanuzi wa hayo, pamoja na jinsi ya kuifanyia kazi seti bila kuharibu vimeng'enya vya watu.

Kwanza ukubwa wa tunachokitafuta. Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2016/127 inaruhusu mchanganyiko usiozidi gramu 0.8 kwa kila mililita 100 za maziwa yaliyokorogwa, asilimia 90 ikiwa ni oligosakaridi za galaktosi na asilimia 10 fruktani ndefu. Asilimia kumi ya 0.8 ni gramu 0.08. Ukichukua kwamba mililita 100 hukorogwa kwa gramu 13.5 za unga, unapata takriban gramu 0.59 za fruktani katika gramu 100 za unga. Katika unga huohuo laktosi inaweza kufika gramu 55. Yaani kwa kila gramu moja unayoitafuta kuna zaidi ya gramu 90 za sukari nyingine inayotoa rangi ileile kwenye mrija. Weka uwiano huo kichwani, kwa sababu karibu kila kosa la kipimo hiki linatoka hapo.

Jinsi seti inavyofanya kazi

Unaanza na mililita 0.2 za kimiminika cha sampuli. Unaongeza mililita 0.2 za mchanganyiko wa vimeng'enya (sukrasi, beta-amilasi, pululanasi na maltasi) na kuacha nusu saa kwenye nyuzi 40. Sukrosi, wanga na maltodekstrini vinakatwa kuwa sukari moja moja. Kisha unatia mililita 0.2 za borohaidridi ya sodiamu, miligramu 10 kwa mililita, iliyoyeyushwa kwenye haidroksidi ya sodiamu ya milimola 50 kwa lita. Nusu saa nyingine kwenye nyuzi 40, na kila sukari yenye ncha ya kutoa elektroni, laktosi ikiwemo, inageuzwa kuwa alkoholi ya sukari isiyotoa rangi tena. Mililita 0.5 za asidi asetiki zinaiua borohaidridi iliyobaki na kushusha pH hadi karibu 4.5.

Sasa una mililita 1.1. Unachota 0.2, unaongeza 0.1 ya fruktanasi, na sasa fruktani ndizo zinazokatwa. Unamalizia na mililita 5 za PAHBAH (kitendanishi kinachotoa rangi kikikutana na sukari yenye ncha wazi), dakika 6 kamili kwenye maji yanayochemka, unapoza kwa dakika 5 kwenye maji baridi na kusoma kwenye nanomita 410. Kiwango cha fruktosi kinachosomwa sambamba kina mikrogramu 54.5 kwa mrija, namba inayotokana na mililita 0.2 za kimiminika cha miligramu 1.5 kwa mililita kilichopita kwenye uchanganyaji uleule wa 0.2 kwa 1.1.

Sifa kubwa ya seti ni ile sukrasi. Invatesi ya kawaida ingekata sukrosi pamoja na fruktani fupi kama 1-kestosi, ukapoteza ulichokuja kukipima. Sukrasi ya hapa inaziacha fruktani hizo fupi salama. Hilo peke yake ni sababu tosha ya kutojitengenezea mchanganyiko wa vimeng'enya vya dukani kwa kutaka kuokoa fedha.

Fruktani ipi?

Swali hili liulizwe kabla ya pipeti kuguswa, na aulizwe mtengenezaji wa maziwa au muuzaji wa kiungo, wala lisiachiwe lebo. Lebo huandika "FOS" na kuishia hapo, ilhali FOS (frukto-oligosakaridi, yaani fruktani fupi) ni familia mbili zenye tabia tofauti.

Familia ya kwanza hutengenezwa kwa kuiongezea sukrosi fruktosi moja, mbili au tatu. Kila mnyororo una glukosi mwishoni na hauna ncha iliyo wazi. Borohaidridi haiugusi. Familia ya pili hupatikana kwa kuikata inulini kwa kimeng'enya, na sehemu kubwa ya vipande ni fruktosi tupu zenye ncha wazi. Borohaidridi inafika, inaikuta ncha hiyo, na kuigeuza kuwa alkoholi. Fruktanasi ikija baadaye inakata mnyororo kama kawaida, ila ile fruktosi ya mwisho haipo tena kwenye hesabu. Mnyororo wa fruktosi tatu unapoteza theluthi moja ya thamani yake, wa nne robo, wa tano asilimia 20. Hakuna marekebisho ya hesabu yatakayoirudisha, maana mgawanyo wa urefu wa minyororo hubadilika kutoka shehena moja hadi nyingine.

Hii si siri. Inajulikana kuwa 999.03 haifai kwa fruktani zilizokatwakatwa sana, na mtengenezaji mwenyewe analisema hilo. Tatizo ni kwamba kipimo kikipungua asilimia 25, wa kwanza kulaumiwa huwa mtu wa pipeti. Halafu kiwanda huambiwa hakikutia kiungo cha kutosha, kumbe kilitia.

Kuna kasoro ndogo ya upande wa hesabu pia. Mwongozo unazidisha fruktosi iliyopatikana kwa 162/180, yaani 0.9, kwa sababu kila kiungo cha mnyororo kimechukua molekuli ya maji kilipokatwa. Kwa inulini yenye viungo 23 namba sahihi ni 0.904, tofauti isiyo na maana. Lakini kwa 1-kestosi yenye viungo vitatu namba sahihi ni 0.933, na ukitumia 0.9 unapunguza jibu kwa zaidi ya asilimia 3. Kama unajua kiungo ni cha familia ya kwanza, tumia 0.93 na uandike hivyo kwenye ripoti.

Uzito wa sampuli: usifuate mwongozo kibubusa

Mwongozo uliandikwa ukilenga vyakula vyenye fruktani nyingi. Ukipima gramu 1 ya maziwa ya unga katika mililita 100 kama unavyopima unga wa kitunguu, mrija wa mwisho utakuwa na mikrogramu 2 hivi za fruktani. Kama kiwango chako cha mikrogramu 54.5 kinasoma 1.00, sampuli itasoma 0.04. Hapo unapima alama za vidole kwenye kivete, kile kichupa cha kusomea rangi.

Fanya hivi. Pima gramu 25 za unga, kwa sababu unga uliochanganywa mkavu haulingani kutoka kijiko kimoja hadi kingine na gramu moja haiwakilishi kopo. Korogea kwenye mililita 200 hivi za maji ya nyuzi 80, weka kwenye beseni la nyuzi hizohizo kwa dakika 20 huku ukitikisa, poza, jaza hadi 250. Fruktani ya gramu 0.59 sasa inakupa takriban mikrogramu 24 za fruktosi kwenye mrija, na usomaji wa 0.44 hivi. Unafanya kazi katikati ya mstari, panapostahili.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme tofauti kati ya mrija wa sampuli na mrija wake tupu (ule usiotiwa fruktanasi) ni 0.45. Mara 54.5 ni mikrogramu 24.5. Mara 5.5 (yaani 1.1 gawa kwa 0.2), mara 5 kupata kila mililita, mara 250, unapata miligramu 168.6 za fruktosi. Zidisha kwa 0.9: miligramu 151.7 katika gramu 25, sawa na gramu 0.61 kwa gramu 100 za unga.

Maji yawe moto kweli. Inulini ndefu kwenye maji ya bomba ya nyuzi 25 hutulia chini kama chokaa, nawe utaimwaga pamoja na mashapo. Kinyume chake, usithubutu kuondoa protini kwa asidi kali wakati sampuli ina moto: fruktani ni dhaifu mbele ya asidi na joto, hukatika zenyewe, na kila kilichokatika mapema huliwa na borohaidridi. Poza kwanza, zungusha kwenye sentrifuji, toboa tabaka la mafuta kwa pipeti, chukua maji ya kati, chuja. Wanaotumia vimiminika vya Carrez (vya kugandisha protini na mafuta ili vichujike) hupata maji meupe zaidi, lakini hatua hiyo iingizwe kwenye uhakiki kama sehemu ya mbinu, isiletwe siku moja kwa sababu sampuli imegoma kuchujika.

Na mafuta yana mtego mwingine ambao wengi hawauoni. Gramu 25 za unga zina gramu 6 hivi za mafuta na gramu 2 hadi 3 za protini. Vitu hivyo vinakaa ndani ya chupa ya mililita 250 lakini fruktani haimo ndani yake, imo kwenye maji tu. Maji hayafiki 250. Ni kama 241 au 242. Jibu linapanda kwa asilimia 3 na zaidi bila mtu kukosea lolote. Dawa ni kupima kwa uzito, au kukata ujazo wa mafuta na protini kwenye hesabu. Ukiona urejeo wako (asilimia ya fruktani uliyotia ambayo kipimo kinaiona) unakaa 103, 104, 103 kila siku, anza kumshuku mtego huu kabla ya kumshuku mwenzako.

Borohaidridi ndiyo roho ya kipimo

Kwa uzito tuliouchagua, mililita 0.2 za sampuli zina miligramu 11 za laktosi, sawa na mikromoli 32. Borohaidridi inayotiwa ni miligramu 2, mikromoli 53, na kila moja ina hidrojeni nne za kutoa. Kwenye karatasi inatosha na kubaki. Kwenye mrija, borohaidridi iliyofunguliwa miezi sita iliyopita katika mji wa pwani imekwisha kunywa unyevu na nusu yake ni chumvi tu.

Angalia kinachotokea ikibaki asilimia moja tu ya laktosi. Katika mrija wa mwisho hiyo ni mikrogramu 20, mikromoli 0.058, dhidi ya mikromoli 0.132 za fruktosi unazozitafuta. Kwa hesabu ya molekuli, uchafu umefika asilimia 44 ya jibu. Ikibaki moja kwa elfu, bado ni asilimia 4. Mrija tupu wa sampuli, ule unaotiwa bafa ya asetati badala ya fruktanasi, unaondoa sehemu hiyo kwenye hesabu, na kwa maziwa ya watoto mrija huo ni wa lazima kwa kila sampuli. Lakini kutoa namba kubwa kutoka namba kubwa huacha kelele. Kanuni nzuri ya kazi: mrija tupu wa sampuli usizidi mrija tupu wa vitendanishi (usio na sampuli) kwa zaidi ya 0.05. Ukizidi, tupa, pima borohaidridi mpya, rudia.

Nunua chupa ndogo ndogo. Ipime kwenye kichupa kikavu chenye kifuniko, yeyusha muda mfupi kabla ya kuitumia, na kilichobaki jioni kisivuke kwenda kesho. Asidi asetiki inapoingia, mrija unatoa povu la gesi ya hidrojeni. Tumia mirija mirefu, ndani ya kabati la hewa, mbali na moto. Tikisa kwa nguvu. Mrija usiotikiswa vizuri hubaki na borohaidridi hai, ambayo itaigeuza fruktosi ileile unayoitaka mara tu fruktanasi inapoiachia. Dalili yake ni sampuli mbili za pacha zinazotofautiana sana, moja ikiwa chini. Gusa karatasi ya pH kwenye mrija mmoja wa kila kundi. Inachukua sekunde tano.

PAHBAH na suala la mwinuko

Vimiminika vya rangi maabara hujiandalia yenyewe. Kimiminika A ni PAHBAH kwenye asidi haidrokloriki iliyopunguzwa; B ni sitrati, kloridi ya kalisi na haidroksidi ya sodiamu. Siku ya kazi unachanganya sehemu 1 ya A na sehemu 9 za B, unaweka kwenye barafu na kuimaliza ndani ya saa 4. Ikianza kugeuka njano yenyewe, imekufa.

Maagizo yanasema maji yanayochemka. Dar es Salaam na Mombasa hiyo ni nyuzi 100. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, maji huchemka karibu nyuzi 94. Kampala karibu 96. Rangi hujengeka polepole zaidi, na dakika 6 za Nairobi si dakika 6 za Dublin. Kwa kuwa kiwango na sampuli huchemshwa pamoja, tofauti hiyo hujifuta, kwa sharti kwamba viwango vya fruktosi viwemo katika kila kundi, vinne, vimetawanywa kwenye kishikilia mirija. Anayebeba namba ya kiwango cha wiki iliyopita ili kuokoa mirija anajidanganya. Beseni lenye mafuta ya silikoni au bloku ya joto iliyowekwa nyuzi 98 hadi 99 ni suluhisho bora kwa maabara za nyanda za juu, mradi uihakiki hivyo tangu mwanzo. Jambo jingine: mirija 40 baridi ikitumbukizwa kwa pamoja kwenye beseni dogo, maji yanaacha kuchemka kwa dakika nzima. Tumia beseni kubwa au ingiza kumi kumi.

Uhakiki wenyewe

Seti inakuja na unga wa kudhibiti wenye fruktani inayojulikana na unga wa kudhibiti wenye sukrosi. Wa kwanza unaonyesha kuwa mikono yako na vimeng'enya viko sawa. Wa pili unaonyesha kuwa sukrosi inamalizika. Hakuna hata mmoja unaosema lolote kuhusu maziwa. Maabara inayobandika matokeo ya unga wa kudhibiti kwenye faili na kuiita "uhakiki wa mbinu kwa maziwa ya watoto" haijahakiki kitu, na mkaguzi wa ithibati anayejua kazi yake ataiuliza.

Unachohitaji kwanza ni maziwa yasiyotiwa fruktani, yenye laktosi na mafuta yaleyale, na ikiwezekana yenye oligosakaridi za galaktosi. Yapitishe mara 10 kwa siku tofauti, kila hatua, fruktanasi ikiwemo. Hapa ndipo kikomo cha upimaji kinapozaliwa. Tuseme mkengeuko sanifu wa tofauti ya usomaji ni 0.004, mara kumi ni 0.04, ambayo kwa uzito wetu ni takriban gramu 0.054 kwa gramu 100 za unga. Kwa bidhaa ya gramu 0.59, inatosha kabisa. Wastani wa tofauti hizo nao uwe karibu na sifuri. Usipokuwa sifuri, fruktanasi inakata kitu kisicho fruktani, au sukrosi haikwisha.

Kisha ongeza inulini kwenye maziwa hayo katika viwango vitatu: nusu ya kiwango kinachotarajiwa, kiwango chenyewe, na moja na nusu. Tumia inulini ileile ya kiwandani, na hapa watu wengi hujikwaa. Unga wa inulini si inulini tupu. Wenye unyevu wa asilimia 4 na sukari huru asilimia 8 ya kilicho kikavu, ukipima miligramu 150 umetia miligramu 132.5 tu za fruktani. Usiporekebisha, urejeo utakuambia asilimia 88 na utahangaika wiki nzima kutafuta kosa ambalo halipo. Kausha sehemu yake, pima unyevu, chukua cheti cha sukari huru, rekebisha, ndipo uanze. Urejeo kati ya asilimia 90 na 110 ni lengo la haki.

Usahihi wa kujirudia: sampuli moja, mara mbili kwa siku, siku sita, watu wawili tofauti. Chukua tofauti za pacha, zipige kipeo cha pili, jumlisha, gawa kwa mara mbili ya idadi ya siku, tafuta kipeuo cha pili. Huo ndio mkengeuko wa ndani ya siku. Ukikaa chini ya asilimia 6 ya wastani, unaendelea. Ukizidi, mara nyingi chanzo ni mililita 0.1 ya fruktanasi iliyotiwa kwa pipeti ya mililita 1. Tumia pipeti ya mikrolita 100, iliyohakikiwa kwa mizani.

Muda wa fruktanasi nao ujaribiwe kwenye maziwa yako: soma kwa dakika 10, 20, 30 na 45. Mstari ukilala tambarare, umemaliza; ukiendelea kupanda, kimeng'enya kimechoka au pH iko juu.

Mwisho, vichokozi, yaani sukari nyingine zinazoweza kuharibu jibu. Laktosi na oligosakaridi za galaktosi zikipita salama, jaribu maltodekstrini kwa bidhaa zisizo na laktosi, na sukrosi kwa wingi wa juu unaotarajia, maana fruktanasi hukata sukrosi pia na kila chembe iliyosalia huhesabiwa kuwa fruktani. Kwa maziwa ya soya kuna raffinosi na stakiosi: zina fruktosi ambayo fruktanasi huichomoa, na hazina ncha wazi ya kuangamizwa na borohaidridi. Kwa hizo ongeza alfa-galaktosidasi mwanzoni, ili zigeuke sukrosi na kukatwa na sukrasi kabla hazijaleta fitina. Pasipo hatua hiyo, usipime soya kwa seti hii.

Ikilinganishwa na ISO 22579

Mbinu ya AOAC 2016.14, ambayo mwaka 2020 ilitoka kama ISO 22579, ilitengenezwa kwa ajili ya maziwa ya watoto hasa. Inaanza vilevile, kwa vimeng'enya vya kukata sukrosi na wanga. Lakini badala ya borohaidridi, sampuli hupitishwa kwenye kikolamu cha kaboni ya grafiti: sukari moja moja huoshwa na kwenda zake, fruktani hunasa, kisha hutolewa kwa mchanganyiko wenye asitonitrili, hukatwa na fruktanasi, na glukosi na fruktosi hutenganishwa na kupimwa kwa kromatografia. Hakuna ncha iliyogeuzwa alkoholi, kwa hiyo familia zote mbili za FOS huhesabiwa kamili. Hiyo ndiyo tofauti inayolipia gharama.

Nayo ina maringo yake. Kikolamu kikikauka kati ya kukitayarisha na kutia sampuli, sehemu ya fruktani hupita bila kunasa. Haidroksidi ya sodiamu ikivuta kaboni dioksidi ya hewani, muda wa vilele vya sukari kwenye grafu hutembea. Iandae kutoka kimiminika cha asilimia 50, kamwe si kutoka vidonge. Elektrodi ya dhahabu hupoteza makali polepole, hivyo viwango viingie mwanzo, katikati na mwisho wa safari. Na mtu wa kuiendesha afundishwe miezi, si siku mbili.

Kukiwa na mgogoro wa kisheria, au mnunuzi wa Ulaya au Ghuba anayetaka jibu la mbinu ya kimataifa, usiende na K-FRUC. Pima kwa seti kama chujio la kwanza, na sampuli zilizo mpakani zipelekwe penye kromatografia.

Kuhusu kuagiza: vimeng'enya ni poda kavu zinazotakiwa kukaa kwenye friza. Muulize wakala shehena itakaa siku ngapi bandarini au uwanja wa ndege, na usikubali seti iliyobakiza miezi michache kwenye tarehe yake kwa sababu ya punguzo. Ukishayeyusha, gawa kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya siku moja, gandisha, usiyeyushe mara mbili. Friza isiwe ile inayojiyeyusha barafu yenyewe, na iwe kwenye laini ya jenereta. Kila sampuli ya maziwa hula mirija mitatu, miwili ya fruktanasi na mmoja mtupu, na kila kundi hula viwango vinne, tupu mbili za vitendanishi, udhibiti wa sukrosi na udhibiti wa fruktani. Kwa hiyo usipige bei kwa kugawa gharama ya boksi kwa idadi ya vipimo iliyoandikwa juu yake. Maabara inayopima sampuli mbili tu kwa wiki hutumia sehemu kubwa ya boksi kwenye viwango na udhibiti. Kusanya sampuli, pima kumi kwa mpigo.